Sura ya Sita: Dawa za Sonona na Unene wa Mgonjwa wa Kisukari

Miongoni mwa mambo yasiyotarajiwa katika historia ya tiba ya karne ya 20 ni kwamba dawa zilizobuniwa ili kuondoa huzuni iliyopita kiasi ziligundulika kuwa zinagusa pia hamu ya kula, nyingine zikiichochea na nyingine zikiipunguza, na kutokana na ugunduzi huo baadhi ya wataalamu wakaanza kujiuliza kama dawa hizo haziwezi kutumiwa kumpunguzia uzito mtu ambaye unene ndio uliomletea kisukari. Swali hilo liliulizwa Marekani na Ulaya, na majibu yake yakaandikwa kwa kuwatazama wagonjwa wa huko. Hata hivyo, anayetaka kuyapima majibu hayo kwa macho ya Mtanzania anafaa kuanzia mahali ambapo unene wenyewe ulishuhudiwa ukiingia mwilini mwa watu, na ni mahali pachache Afrika Mashariki palipopimwa kwa makini katika jambo hilo kama Morogoro.

Mwaka 1989 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Donald McLarty, daktari kutoka Uskoti aliyefanya kazi na kufundisha Muhimbili kwa miaka mingi, ambaye pamoja na wenzake alipima sukari katika damu ya watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1 wana ugonjwa huo, na karibu robo ya waliopimwa walikuwa na uzito uliozidi. Takwimu hizo mbili hazilinganishiki moja kwa moja, kwa kuwa umri wa waliopimwa na njia za kupima zilitofautiana, na uchunguzi wa kwanza ulihusu vijiji peke yake. Lakini hata baada ya kuzitolea kasoro zote hizo, pengo linalobaki ni kubwa mno kudhaniwa kuwa ni hitilafu ya vipimo.

Wilaya ya Morogoro Vijijini, inayoizunguka milima ya Uluguru, ilikuwa tangu mwaka 1992 mojawapo ya maeneo matatu, pamoja na Dar es Salaam na Hai, ambako uliendeshwa mradi wa kuhesabu vifo vya watu wazima na kutafuta sababu zake kwa kuwahoji ndugu wa marehemu. Mradi huo ulionyesha kwamba kiharusi, ambacho wengi walikidhania kuwa ugonjwa wa wenye nacho, kilikuwa kikiwaua watu wa umri wa kufanya kazi hata vijijini, tena kwa kiwango kilichozidi kile cha Uingereza. Lakini uchunguzi unaoihusu sura hii zaidi ni mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, ambao watafiti wake waliwatafuta watu wa Morogoro Vijijini waliokuwa wamekusudia kuhamia Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka, kisha wakawafuata mjini na kuwapima tena na tena. Walioandikishwa walikuwa 209, wanaume 103 na wanawake 106, wengi wao vijana, na kati yao 132 walifuatiliwa mpaka ukatimia mwaka mmoja. Katika mwaka huo wanaume waliongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 na wanawake vivyo hivyo, huku wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu wakishuka kutoka asilimia 79 hadi 27, na wanawake kutoka asilimia 38 hadi 16. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya kilo 2.3, kwa kuwa itahitajika tena tutakapofika kwenye dawa.

Anayeijua Uluguru hatashangazwa na matokeo hayo. Mkulima wa Mgeta hulima kabichi, njegere na viazi kwenye miteremko ambayo mgeni huona shida hata kuipanda akiwa mikono mitupu, na mwanamke wa Kinole au Matombo hubeba kichwani mkungu wa ndizi kwenda gulioni na kurudi na mzigo mwingine, kazi ambayo haijapata kuitwa mazoezi kwa sababu haikuwahi kuwa na jina jingine zaidi ya maisha. Anaposhuka kwenda kupanga chumba Kihonda au Mji Mpya, achilia mbali Dar es Salaam, bodaboda humfikisha mlangoni, sembe iliyokobolewa huchukua nafasi ya magimbi na mihogo, na chipsi mayai pamoja na soda havikosekani jioni. Inafaa kusemwa kwa haki kwamba waliofuatiliwa katika uchunguzi ule walikula mjini matunda na mboga nyingi kuliko walivyokula kijijini, sambamba na nyama nyekundu iliyoongezeka nayo, kwa hiyo hadithi inayopendwa na wengi, ya kijiji chenye chakula bora na mji wenye chakula kibaya, haikubaliki ilivyo. Mabadiliko yaliyokuwa makubwa kuliko yote yalikuwa katika kazi ya mwili.

Unene, sukari na sonona

Wataalamu hupima unene kwa kugawanya kilo za mtu kwa kipeo cha pili cha urefu wake katika mita. Jibu likifika 25 uzito umezidi, na likifika 30 hali hiyo huitwa kiribatumbo. Mafuta ya ziada, hasa yale yanayojilundika tumboni na ndani ya ini, huyafanya maini na misuli visiitikie ipasavyo insulini, yaani homoni inayotengenezwa na kongosho ili kuiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na likishindwa kumudu kazi hiyo sukari hubaki katika damu, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachozungumzwa katika sura hii yote. Uhusiano huo unaweza pia kurudishwa nyuma: katika jaribio lililofanyika Uskoti na kaskazini mashariki mwa Uingereza, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2017, wagonjwa waliowekewa mpango mkali wa chakula walipungua sana hata karibu nusu yao sukari ikarudi katika kiwango cha kawaida bila dawa baada ya mwaka mmoja, na miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, waliofanikiwa hivyo walikuwa 86 katika kila 100.

Tatizo ni kwamba baadhi ya dawa za kisukari zenyewe huongeza uzito. Insulini ya sindano hufanya hivyo, na vidonge vya glibenklamaidi, vinavyolisukuma kongosho litoe insulini zaidi na ambavyo bei yake imevifanya vienee mpaka katika vituo vidogo vya afya, hufanya hivyo pia. Metformini haina tabia hiyo. Mgonjwa anayeambiwa na muuguzi apunguze mwili huenda akatoka katika chumba hichohicho akiwa na cheti cha dawa itakayomnenepesha, na kama hakuelezwa, atajilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Sonona ni ugonjwa wa akili ambao dalili zake kuu ni huzuni au kukosa raha na hamu ya mambo kwa muda usiopungua majuma mawili, pamoja na usingizi kuharibika, mwili kuchoka, hamu ya kula kupungua au kuzidi, fikra kuzorota, kujiona huna thamani, na pengine kutamani kufa. Morogoro, kama kwingineko nchini, mgonjwa haji kliniki akilalamikia sonona. Husema ana mawazo, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, au mwili hauna nguvu, na kwa kuwa sukari ikipanda nayo huchosha mwili na kukatiza usingizi kwa safari za chooni, mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni huridhika kwamba sukari imeeleza kila kitu. Uchambuzi wa tafiti 42 uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mtu mwenye kisukari ana uwezekano wa kuwa na sonona mara mbili ya mtu asiye nacho. Njia kati ya magonjwa hayo inapitika pande zote mbili: mwenye sonona hasogezi mwili, husahau au hupuuza dawa, na homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitoa wakati wa shinikizo, hupandisha sukari na kuchochea mafuta ya tumbo, na mwenye kisukari kwa upande wake huishi na gharama, makatazo ya chakula, hofu ya kukatwa mguu, na kwa wanaume wengi upungufu wa nguvu za kiume ambao hawautamki. Kutokana na hayo, wazo la dawa moja itakayopoza huzuni, ipunguze mwili na ishushe sukari kwa mpigo linavutia, na ndiyo maana halikukosa wa kulifuatia.

Kutoka kifua kikuu hadi fluoksetini

Dawa ya kwanza ya sonona haikutafutwa kwa ajili ya sonona. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi walichangamka kupita ilivyotarajiwa, wakala kwa hamu na kuongezeka uzito, jambo lililohesabiwa kuwa neema kubwa kwa watu waliokuwa wamekonda kwa kifua. Miaka michache baadaye Roland Kuhn, daktari wa magonjwa ya akili nchini Uswisi, aligundua kwamba imipramini, iliyokuwa ikijaribiwa kwa ugonjwa mwingine wa akili, huinua wenye sonona, na ndugu yake wa karibu amitriptilini akafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kizazi hicho chote cha dawa kilikuwa na tabia ya kunenepesha. Amitriptilini, kwa mfano, huziba vipokezi vya histamini katika ubongo, yaani vile vituo vya kwenye seli vinavyopokea ujumbe wa kemikali hiyo, na matokeo yake ni usingizi mzito na njaa.

Fluoksetini ilikuja kwa njia nyingine. Ilitengenezwa mwaka 1972 katika maabara ya kampuni ya Eli Lilly, Indianapolis, na watafiti waliokuwa wakitafuta molekuli itakayogusa serotonini peke yake na kuziacha histamini na nyinginezo. Serotonini ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana ujumbe, na baada ya ujumbe kufika, seli iliyoitoa huirudisha ndani. Fluoksetini huzuia kurudishwa huko, hivyo serotonini hukaa muda mrefu zaidi katika nafasi iliyo kati ya seli mbili. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa ajili ya sonona mwezi Desemba 1987, ikauzwa kwa jina la Prozac, na mara tu madaktari wakaona kwamba wagonjwa wao hawakunenepa kama wale wa amitriptilini, wengine walipungua.

Sababu yake inajulikana kwa kiasi cha kuridhisha. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi, ndiyo inayopima akiba ya nguvu ya mwili na kuamua kama mtu aone njaa au shibe, na mojawapo ya taarifa inazozitegemea ni serotonini, ambayo huzichochea seli za shibe. Kwa hiyo mtu ambaye serotonini yake imeongezeka hushiba mapema na huwa na hamu ndogo ya vyakula vya wanga. Lakini haipothalamasi haikuumbwa ili mwili ukonde. Ikiona akiba inashuka hutafuta njia nyingine za kurudisha njaa, na hilo ndilo lililokuja kuonekana katika majaribio.

Kilo zilizopungua

Dozi iliyotumika katika majaribio mengi ya unene ilikuwa miligramu 60 kwa siku, mara tatu ya miligramu 20 ambazo mgonjwa wa sonona huanza nazo. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1994 liliwafuata watu wanene kwa mwaka mzima, na lilikuta kwamba uzito ulishuka vizuri mpaka karibu juma la 20, kisha ukaanza kurudi ingawa vidonge viliendelea kumezwa, hata kufikia mwisho wa mwaka tofauti kati ya waliotumia dawa na waliotumia vidonge bandia ikawa haina uzito wa kitakwimu. Mwaka 2019 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kuchuja tafiti za tiba duniani, ulichapisha uchambuzi wa majaribio 19 yenye watu wazima 2,216, na hitimisho lake lilikuwa kwamba fluoksetini huenda inapunguza wastani wa kilo 2.7 zaidi ya kidonge bandia, kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu, na kwamba waliopata madhara kama kizunguzungu, usingizi wa mchana, uchovu, kukosa usingizi usiku na kichefuchefu walikuwa karibu mara mbili ya wasioitumia.

Kilo 2.7 ni takriban uzito uleule ambao mhamiaji wa Morogoro Vijijini aliuongeza katika mwaka wake wa kwanza wa Dar es Salaam. Ulinganisho huu haumaanishi kwamba mambo hayo mawili yalipimwa kwa njia moja, ila unampa msomaji kipimo cha ukubwa wa jambo: dawa kwa dozi kubwa, pamoja na madhara yake, hurudisha kitu kinachokaribia kile kilicholetwa na miezi 12 ya kuacha jembe na mlima, na haiahidi kukishikilia. Kwa mtu wa kilo 95, kilo hizo hazifiki asilimia 3 ya mwili wake, ilhali wataalamu wa kisukari huhesabu asilimia 5 kuwa ndicho kiwango ambacho faida yake katika sukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu huanza kuonekana wazi.

Kwa wagonjwa wa kisukari hasa, majaribio yalikuwa machache na yenye watu wachache, ila matokeo yake yalikuwa mazuri kidogo kuliko ya watu wanene kwa jumla. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikadiria kilo 5.1 katika majuma 24 hadi 26, na katika baadhi ya majaribio hayo sukari ilishuka pia, hata wanaojidunga insulini wakapunguza kipimo chao. Majaribio marefu yenye wagonjwa wengi, ambayo yangeweza kuonyesha kama faida hiyo inadumu au inafuata njia ya lile la mwaka 1994, hayakufuata. Marekani haijapata kuiidhinisha fluoksetini kuwa dawa ya unene, na uamuzi huo unaonekana kuwa wa haki.

Tahadhari ya wadhibiti ilikuwa na historia nyuma yake. Fenfluramini, iliyopunguza mwili kwa kuongeza serotonini, iliondolewa sokoni mwezi Septemba 1997 baada ya kuonekana kwamba huharibu vali za moyo. Sibutramini, iliyoanza safari yake kama dawa ya sonona, ikashindwa kazi hiyo na kugeuzwa kuwa dawa ya unene, ilifanyiwa jaribio la watu karibu 10,000 wenye maradhi ya moyo au kisukari, na ilipoonekana mwaka 2010 kwamba mishtuko ya moyo na viharusi viliongezeka kwa asilimia 16, ikaondolewa Ulaya na Marekani. Lorkaserini, iliyolenga kipokezi kimoja tu cha serotonini ili kuliepusha tatizo la moyo, iliondolewa Februari 2020 kwa hofu ya saratani. Fluoksetini haina kosa lolote kati ya hayo, lakini imetokea katika ukoo ambao kila aliyetumwa kupunguza mwili alirudi na habari mbaya.

Dawa pekee ya sonona iliyofikia kuidhinishwa kwa ajili ya unene ni bupropioni, tena ikiwa imechanganywa na naltreksoni, dawa inayotumika kwa wenye uraibu wa pombe na wa dawa za kulevya. Bupropioni huzichochea seli za shibe, seli hizo hujizuia zenyewe kwa kemikali yenye tabia ya afyuni, na naltreksoni huondoa kizuizi hicho. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 liliwahusu wagonjwa 505 wa kisukari kwa majuma 56. Waliotumia mchanganyiko walipungua kwa asilimia 5.0 ya uzito wao na wenzao wa kidonge bandia kwa asilimia 1.8, na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile kinachoandikwa HbA1c kwenye karatasi za maabara, kilishuka kwa pointi 0.6 dhidi ya 0.1. Zaidi ya wagonjwa 4 katika kila 10 walipatwa na kichefuchefu. Marekani iliupitisha mchanganyiko huo mwaka 2014 na Ulaya mwaka 2015. Kwa mkoa wa Morogoro kuna jambo moja la kuongeza, nalo ni kwamba bupropioni huweza kuamsha degedege na haifai kabisa kwa mwenye kifafa, na mkoa huu una Mahenge, ambako wingi wa kifafa uliwahi kumfanya daktari Louise Jilek-Aall aanzishe kliniki maalumu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambako watafiti wa baadaye wameuhusisha ugonjwa huo na minyoo inayoenezwa na usubi.

Mbele ya mgonjwa

Swali lililoulizwa Marekani, yaani kama dawa ya sonona inaweza kutibu unene wa mgonjwa wa kisukari, halina manufaa makubwa kwa kliniki ya Morogoro. Swali lenye manufaa ni lile linalogeuzwa: mgonjwa wa kisukari ambaye ni mnene na ambaye kweli ana sonona apewe dawa ipi ya sonona? Hapo tofauti kati ya dawa na dawa, ambayo kwa kupunguza unene ni ndogo, inakuwa kubwa sana.

Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina amitriptilini na fluoksetini, na zote mbili ni za bei nafuu kwa kuwa haki za kuzitengeneza zilikwisha zamani, za fluoksetini mwaka 2001. Amitriptilini ina wateja wengi zaidi katika kliniki za kisukari, kwa sababu mbali na sonona hutumika kwa dozi ndogo kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, yale yanayowafanya wagonjwa waseme miguu inawaka moto au inachomwa na sindano. Ni dawa nzuri kwa kazi hiyo. Lakini inapotumiwa kwa dozi kubwa ya sonona kwa mtu mwenye kilo 95 ambaye sukari yake haikamatiki, huongeza njaa, hunenepesha, na huvuruga kazi yote iliyofanywa na mshauri wa lishe. Patrick Lustman na wenzake wa St. Louis, Marekani, waliwahi kuonyesha mwaka 1997 kwamba nortriptilini, ambayo ndiyo mwili huitengeneza kutokana na amitriptilini, iliponya sonona ya wagonjwa wa kisukari huku ikipandisha sukari yao. Walipoijaribu fluoksetini mwaka 2000 kwa wagonjwa 60 katika majuma 8, kwa dozi isiyozidi miligramu 40, sonona ilipungua na sukari ikaelekea kushuka, ingawa mshuko huo ulikuwa mdogo mno kuthibitishwa. Hitimisho la vitendo ni kwamba kwa mgonjwa wa namna hii fluoksetini inastahili kutangulia, na sababu yake ni kwamba inatibu sonona bila kuharibu sukari. Kilo zikipungua, zihesabiwe kuwa ziada.

Fluoksetini nayo ina masharti, na lenye uzito zaidi Morogoro linahusu glibenklamaidi. Dawa zote mbili huweza kushusha sukari, na moja inapoondoa hamu ya kula wakati nyingine inalisukuma kongosho, mgonjwa huweza kushuka sukari ghafla, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Na kwa kuwa kutetemeka na jasho ni miongoni mwa madhara ya kawaida ya fluoksetini yenyewe, yeye na jamaa zake huweza kusema ni dawa tu na kuchelewa kumpa sukari. Hatari hiyo huongezeka katika mwezi wa Ramadhani, ambao katika nyumba nyingi za Waluguru hufungwa kikamilifu, na anayetumia vidonge hivyo viwili anatakiwa kuonana na daktari kabla mwezi haujaandama ili dozi na saa za kumeza zipangwe upya. Haisaidii kuiacha fluoksetini siku ya kwanza ya mfungo, kwa sababu mabaki yake hukaa mwilini kwa majuma kadhaa.

Masharti mengine ni mafupi. Vijana wa chini ya miaka 25 wanaoanza dawa hizi huangaliwa kwa karibu, kwa kuwa mawazo ya kujiua huweza kuongezeka katika majuma ya mwanzo. Mwenye historia ya vipindi vya kuchangamka kupita kiasi huweza kupandishwa wazimu. Na kabla ya yote mgonjwa anapaswa kuulizwa. Lipo dodoso la maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita ambalo limekwisha kutumiwa kwa Kiswahili, na mhudumu wa kituo cha afya anaweza kulimaliza kwa dakika chache, muda ambao si mkubwa ukilinganishwa na miaka ambayo sonona isiyotambuliwa huipoteza.

Jambo la kijamii ambalo vitabu vya kigeni haviligusi ni kwamba kupungua mwili hakupokewi kwa shangwe kila mahali. Miaka ya UKIMWI ilifundisha mitaa ya Tanzania kumtazama kwa jicho la mashaka mtu anayekonda, na mwili ulionawiri ukabaki kuwa ushahidi wa afya, ndoa tulivu na riziki. Mwanamke wa kisukari anayepungua kilo 5 huweza kuanza kuulizwa maswali na majirani, na kama dawa anayotumia imetoka kliniki ya magonjwa ya akili, ana minong'ono miwili ya kuikabili. Wahudumu wanaoshangaa kwa nini mgonjwa aliacha dawa wakati ilikuwa ikimsaidia wangefanya vyema kuuliza mtaani kwake alisemwa nini.

Tangu mwaka 2017 ilipoidhinishwa semaglutaidi, dawa ya kisukari inayoiga homoni ya utumbo na kupunguza uzito kwa kiasi ambacho fluoksetini haikukaribia, hoja ya kutumia dawa za sonona kwa ajili ya unene imefifia katika nchi zenye fedha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo na wenzake katika Orodha ya Dawa Muhimu mwaka 2025 kwa ajili ya wenye kisukari pamoja na unene na ugonjwa wa moyo au figo. Bei yake bado iko mbali na mfuko wa mkulima wa Mgeta, na hapo ndipo kishawishi cha kurudia njia rahisi kinapoingia: kidonge cha bei ndogo ambacho mtu amesikia kuwa kinapunguza mwili.

Ombi la sura hii kwa mgonjwa na jamaa zake ni la vitendo. Fluoksetini isinunuliwe dukani kwa ajili ya kupunguza tumbo, wala isiongezwe dozi kwa ushauri wa jirani. Anayetumia amitriptilini na kuona uzito na sukari vinapanda asiiache ghafla, kwa kuwa kuiacha ghafla huleta kichefuchefu, usingizi kupotea na sonona kurudi. Siku ya kliniki avichukue vidonge vyote anavyotumia, vya sukari, vya presha, vya miguu na vya mawazo, avimwage mezani mbele ya daktari, na amuulize ni kipi kati ya hivyo kinachomnenepesha na kama kuna kingine kinachoweza kushika nafasi yake.